Vigae vya Angani

Kengele ya nutrino ililia saa nne asubuhi, siku ya Jumanne, nami nilikuwa namenya viazi. Hapa Kituo cha Utando, juu Kitulo, zamu ya kupika haimwachi mtu, hata mkuu wa kituo, na mkuu wa kituo ni mimi. Kengele ile ilifungwa ukutani miaka kumi na tisa iliyopita, na ilikuwa imelia mara moja tu, siku panya alipotafuna waya. Kwa hiyo niliendelea kumenya.

"Dada Tumpale," Ekai aliita kutoka chumba cha mitambo. "Safari hii si panya."

Nilikwenda na kisu mkononi. Ekai Lokwang ni mtu wa Lodwar, kule Turkana, mrefu hata huinama kila mlangoni, na katika miaka kumi na mmoja ya kufanya kazi naye sijawahi kumwona ana haraka ya kitu chochote. Sasa alikuwa amesimama mbele ya kioo, mikono yote miwili kichwani, kama mtu aliyeona timu yake ikifungwa dakika ya mwisho.

"Vituo vyote duniani vimezipata nutrino," alisema. "Zimetoka kwa ile nyota nyekundu ya begani mwa Jabari, lile kundi la nyota. Imelipuka, Dada. Imelipuka kweli!"

Nutrino ni punje isiyojali mtu. Hupita katikati ya mlima, katikati ya ziwa, katikati ya mwili wako, bila kubisha hodi. Nyota kubwa ikifa, moyo wake huporomoka kwa muda wa kupepesa jicho, na nutrino ndizo hutoka kwanza. Mwanga hubaki nyuma ukihangaika kupenya maganda ya nyota yenyewe, ukatokea saa nyingi baadaye. Kwa hiyo nutrino ni mpiga mbiu tu. Nyota yenyewe ilikuwa imekufa miaka mia sita na ushee iliyopita, na habari za msiba ndiyo kwanza zinatufikia.

"Kesho asubuhi itaonekana mchana kweupe," Ekai alisema. "Watoto wataiona wakienda shule. Wataiona..."

Sote wawili tuligeuka dirishani. Nje anga lilikuwa kama lilivyo kila siku tangu tulitandie vumbi: jeupe, kama maji yaliyooshewa mchele, na jua nyuma yake likiwa sahani butu isiyoumiza macho. Hakuna mtu ambaye angeiona nyota ile, na mmoja wa waliowaziba watu macho ni mimi.

Nilirudi kwenye viazi vyangu. Nilivimenya vibaya.

*

Ninyi mliozaliwa chini ya utando mnadhani Kilimia ni msemo tu wa kwenye vitabu vya shule. Kwetu sisi kilikuwa kitu. Mama yangu alikuwa akinipandisha juu ya jiwe nyuma ya nyumba yetu pale Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, akanionyesha kwa kidole kilichokaukiwa udongo: vijinyota sita vimebanana kama vifaranga wenye baridi. "Kikizama kwa jua huzuka kwa mvua," angesema, na siku chache baadaye angeanza kuwasumbua watu habari za mbegu. Chini yake kidogo lilikuwa lile jekundu, hilohilo lililolipuka sasa. Mama aliliita Kaa. "Lile kaa halijazimwa tangu dunia iumbwe," aliniambia, "na hakuna mtu anayelipuliza." Nilimwamini. Bado nasikia harufu ya udongo mbichi uliokuwa mikononi mwake, mimi mwanamke mzima wa miaka hamsini na tatu.

Kisha yakaja yale mnayoyajua: miaka ya joto. Mpunga wa Kyela uliungua ungali umesimama, ziwa likarudi nyuma hadi mitumbwi ikabaki mchangani, na kule kaskazini watu walikufa ndani ya nyumba zao. Dunia ikaamua kujitandia vumbi, juu kabisa kuliko hewa, lipunguze jua walau kidogo. Lakini vumbi la kufunika dunia utalipandishaje huko? Ilibidi litengenezwe hukohuko, na mwalimu wa kazi hiyo ni mmoja tu.

Nyota ikilipuka hutapika matumbo yake yote: kaboni, oksijeni, silikoni, chuma, vyote vikiwa gesi ya moto inayokimbia. Gesi hutanuka, na ikitanuka hupoa. Baada ya mwaka, au miwili, chembe zilizokuwa zikipishana huanza kushikana: mbili, kumi, elfu, mpaka inakuwa punje ya vumbi. Mlima huu tunaokaa, na ukucha wa kidole chako, mavumbi yake yalipikwa katika misiba ya namna hiyo. Ila kuna balaa moja. Mlipuko ukigonga gesi iliyotangulia nje, wimbi hurudi nyuma, na likirudi hulisaga lile vumbi jipya. Punje ndogo huwa gesi tena. Hupona zile kubwa tu.

Sisi tulitengeneza tanuri angani la kuyaiga hayo yote kwa udogo. Na kwa miaka minne tulipata moshi. Wimbi la marejeo lilituvunjia kila kitu.

Nilikwenda nyumbani likizo nimekonda kama ufito. Mama alikuwa uani anakanda udongo, akaniuliza ni nini kinachonila. Nilimweleza kadiri nilivyoweza. Alicheka mpaka akaweka mikono magotini.

"Yaani mnafinyanga udongo mtupu? Udongo mtupu hupasuka, mwanangu. Tieni vigae!"

Katika ukoo wetu chungu hakifinyangwi kwa udongo mpya peke yake. Chungu kikivunjika, vigae vyake havitupwi. Hutwangwa kinuni, huchekechwa, unga wake ukachanganywa na udongo wa chungu kingine. Hivyo ndani ya kila chungu cha mama kulikuwa na chungu cha bibi, na ndani ya cha bibi kulikuwa na cha mama yake, kupanda hivyo hadi kwa mwanamke ambaye jina lake hatulijui. Unga huo mama aliuweka kwenye kibuyu chenye mfuniko, kimetundikwa kwenye msumari juu ya kitanda chake.

Punje ngumu za kuanzia! Gesi ipate kitu cha kushika, punje zinenepe upesi kabla wimbi halijarudi. Nilisimama pale uani mdomo wazi. Nikaomba unga wa kujaribia.

"Chukua," mama alisema, akaniwekea kibuyu mikononi.

Ilifanya kazi. Ilifanya kazi mara ya kwanza, na tangu hapo kila mpiko wa vumbi tulianzishia punje za mpiko uliotangulia, kama mtu anavyoanzishia togwa kwa togwa ya jana. Utando ukatanda. Mvua zikarudi. Nilipewa nishani, na mama alipewa shukrani. Kibuyu nilimrudishia mwenyewe kwa mkono wangu, kitupu, na nilikuwa nimekiosha kwa sabuni, nikijiona nina adabu.

Mwaka uleule mama aliacha kufinyanga. Alisema ni mgongo.

*

Mwanga ulifika Jumatano. Kwetu ulikuwa doa tu angani, karibu na utosi, kama tone la maziwa kwenye maji ya mchele. Redio zilieleza jinsi ambavyo lingeonekana kama si utando: nukta kali yenye mng'aro wa nusu mwezi, juu ya mashamba, saa mbili asubuhi. Watu walitoka nje wakatazama doa, wakarudi ndani wakiwa na hasira.

Ijumaa Baraza la Utando la dunia likatoa uamuzi wa kisiasa, yaani uamuzi wa kumtupia mwingine mzigo. Kila kanda iliruhusiwa kufungua dirisha kwenye utando mara moja, kwa saa moja. Mkuu wa kituo cha kanda aamue mwenyewe, na ajibu ndani ya siku tano. Kufungua si kazi. Tuna Ufagio, mwali wa leza unaosukuma vumbi kando. Kinachotakiwa ni kidole changu kwenye kitufe.

Barua zilimiminika kutoka shuleni, misikitini, makanisani, kwa wazee waliotaka kuona anga mara moja kabla ya kufa. Zote zilisema fungua. Halafu akapiga mama, ambaye huwa hapigi simu, hupigiwa.

"Fungua, mwanangu."

"Unataka kuliona Kaa, Mama?"

"Nimesema fungua. Mimi nimekuomba nini tangu uzaliwe?"

Akakata.

Ekai alikuwa amekaa upande wa pili wa meza. Hakuniuliza aliyepiga. Alinisogezea ramani.

"Dirisha halifungiki saa ileile," alisema. "Nusu ya vumbi unalolisukuma itaanguka kabisa. Nusu nyingine itachukua siku arobaini kurudi. Na shimo halitakaa hapa, si unajua. Linasogea kaskazini. Siku ya tisa liko juu ya Turkana."

"Kwa siku ngapi?"

"Kumi na moja. Nyuzi arobaini na tisa kivulini, pale penye kivuli."

"Watu wangapi, Ekai?"

"Hesabu inasema kati ya sifuri na mia tatu."

"Inaweza kuwa sifuri?"

"Nimesema kati, Dada."

Chai ilipoa na wala hakuna aliyeigusa.

"Mwaka wa joto kubwa nilikuwa na dada mdogo, Nakiru, miaka sita," alisema hatimaye. "Nilimfunika shuka lenye maji. Nilienda kisimani kulilowesha tena, na nikirudi lilikuwa linakauka njiani, mikononi mwangu. Mara ya nne nilipofika nyumbani mama aliniambia nisihangaike." Aliikunja ramani taratibu. "Sikuambii usifungue. Ile nyota nimeisoma tangu nikiwa chuo, na ningetoa jino kuiona. Nakuonyesha tu mahali shimo litapita, ujue pana majina."

Ningependa kusema niliamua palepale. Sikuamua. Siku mbili nilizunguka na simu ya mama kichwani. Kweli hakuwahi kuniomba kitu. Alinisomesha kwa vyungu alivyovipeleka gulioni Lyulilo, na sasa, akiwa na miaka themanini na mmoja, aliomba saa moja ya anga lake mwenyewe, ambalo mwanawe ndiye aliyelifunika. Na kati ya sifuri na mia tatu, sifuri nayo imo. Nilijikuta nikiipenda ile sifuri kuliko inavyompasa mtu mwenye kazi yangu.

Kilichonizuia ni shuka la Nakiru. Kila nilipokaribia kitufe niliona maji yakikauka.

*

Nilishuka mlimani kwa gari la kuning'inia kwenye waya, nikafika Ikombe saa tisa alasiri. Mama alikuwa kibarazani anachambua mchele.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekuja kunikatalia. Ungekuwa umekubali ungepiga simu."

Nilikaa chini karibu na miguu yake, nikamweleza yote: shimo, siku ya tisa, nyuzi arobaini na tisa. Nilimweleza pia habari za shuka. Alisikiliza huku vidole vikiendelea kutoa mawe kwenye mchele. Nilipofika mwisho vidole vilisimama.

"Basi usifungue," alisema. "Mtoto wa mtu hafi ili mimi nipate changu."

Halafu akalia. Nilikuwa sijawahi kumwona mama akilia, hata siku tulipomzika baba yeye ndiye aliyetubembeleza. Nilichanganyikiwa, nikasema upuuzi.

"Mama, ni nyota tu. Nitakuletea picha, kuna darubini huko juu ya utando zinapiga picha nzuri..."

"Nani kakuambia nataka nyota?" Alinigeukia kwa hasira ya kweli. "Nyota nimezitazama miaka sitini! Nilitaka vumbi lianguke. Redio imesema nusu yake itaanguka. Ningetandika kanga hapa uani nikinge, hata kidogo tu, hata la kwenye ukucha." Alifuta macho kwa kiganja. "Kibuyu ulichukua chote, Tumpale."

Sikuelewa. Kisha nikaelewa, na nikatamani nisingeelewa.

Kibuyu kile hakimalizwi. Mwenye kuchota huacha konzi moja chini, ndiyo inayoungana na vigae vijavyo. Hakuna anayemwambia mwenzake. Wanawake wa kwetu hujifunza kwa kuangalia. Na mimi utoto wangu wote nilikuwa naangalia vitabu.

"Uliponirudishia nilikifunua," mama alisema. "Kilinuka sabuni."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umekonda. Halafu mvua ikarudi. Mtu anadai vipi kitu kilicholeta mvua?" Alivuta pumzi. "Na kosa ni langu. Nilisema chukua, sikusema bakiza. Nilidhani mtoto wa mfinyanzi anajua. Nikajaribu udongo mtupu mara mbili, mikono ikakataa. Naanzaje chungu ambacho mama yangu hayumo? Watu wakauliza, nikasema mgongo."

Miaka kumi na mitano. Kila likizo nilimletea dawa ya mgongo, naye alinishukuru, akaipaka.

Nililia na mimi, bila aibu, kichwa changu magotini pake. Na ni katika kulia huko, nikijiuliza ni wapi duniani ningepata japo punje moja ya vumbi lile bila kumuunguza mtu, nilipokumbuka viazi.

"Mama," nilisema. "Vumbi huanguka lenyewe. Kidogo kidogo, kila siku. Tuna masinia ya kulikinga juu ya paa, tunalipima kila wiki. Tukimaliza tunalitia kwenye chupa na kuandika tarehe. Chupa ziko stoo. Zote. Tangu mwaka wa kwanza."

Nilikuwa nimemweka mama yake mama yangu stoo, chini ya magunia ya viazi.

*

Jibu langu kwa Baraza lilikuwa mstari mmoja: Kanda hii haifungui. Matusi yaliyofuata siyarudii hapa. Mwalimu mmoja wa Tukuyu aliniandikia kwamba nimewanyang'anya watoto wake anga mara mbili, na ni kweli. Mimi mwenyewe sikuiona nyota ile. Nitakufa sijaiona.

Jumapili iliyofuata tulishuka na Ekai, yeye akiwa amebeba sanduku la chupa kifuani kama mtu aliyebeba mtoto wa watu. Mama alitandika kanga mpya. Tulimimina chupa moja baada ya nyingine, na mwisho wa yote palikuwa na kirundo cha kijivu kisichojaza kikombe cha kahawa.

Ilinibidi niseme ukweli. "Mama, bibi hayumo mwingi humu. Tumelichanganya na kulichanganya tena, mara maelfu."

"Hata kwenye vyungu vyangu mama yangu hakuwa mwingi," alisema.

Alichota kwa vidole vitatu. Akasita, akarudisha kidogo kwenye kanga, akanitazama kuhakikisha nimeona. Kisha akalitia kwenye udongo, akaanza kukanda. Chungu kilisimama siku ileile, kidogo, shingo imeinama upande, na upande mmoja ukuta wake ulikuwa mnene kuliko mwingine. Mimi niliona. Naamini na yeye aliona. Tukakiacha kivulini kikauke.

Siku ya kumi na mbili tulikichoma asubuhi, uani, kwa kuni na nyasi kavu alizokusanya Ekai. Lile doa lilikuwa juu ya vichwa vyetu, na hata kupitia utando lilikuwa limekolea kiasi kwamba moshi ukilipita ulibadilika rangi. Mama alikaa kwenye kigoda, mkono umeshika kidevu, akiutazama moto tu.

Chungu kikalipuka.

Mlio ulikuwa mkubwa hata kuku wakaruka uzio. Majivu yalipanda, vipande vikatawanyika uani, kimoja kikampiga Ekai kwenye muundi akaruka mguu mmoja akilalamika kwa Kiturkana. Miaka kumi na mitano, chupa zote zile, matusi yote yale, na sasa vipande. Niliogopa kumtazama mama.

Mama alikuwa anacheka. Alikuwa amejiziba mdomo kwa upindo wa kanga na mabega yanamtikisika.

"Umeona?" alisema. "Tumpale, umeona kilivyolipuka?"

"Pole, Mama. Tutafinyanga kingine, kuna..."

"Pole ya nini? Toa kinu!"

Aliinuka mwenyewe, bila mkongojo, akaanza kuviokota vingali vya moto, akivishika kwa upindo wa kanga, kimoja kimoja, hadi vilivyoingia kwenye majani ya mgomba. Ekai aliomba abaki na kile kilichomuumiza, kiwe kumbukumbu. Alinyimwa. Alitwanga yeye, kwa sababu ana nguvu, na mama alichekecha, na mimi niliingia ndani nikakitungua kibuyu kwenye msumari wake. Nilikinusa. Hakikuwa na harufu yoyote tena.

Mama alimimina unga, akatikisa kibuyu karibu na sikio lake, akafumba macho kusikiliza. Kisha akaniwekea mikononi, kama siku ile, ila safari hii hakuachia upesi. Vidole vyake vilibaki juu ya vyangu.

"Chukua wa chungu kimoja, uanze kujifunza," alisema. "Na ubakize."